Mganga hajigangi: Ni nani wa kumponya daktari?

UKISIMAMA kwenye steji ya Uthiru alfajiri, utaona jinsi matatu zinavyojaa haraka kuelekea mjini kupitia Kangemi na Westlands. Wanafunzi, makarani na wachuuzi wote wanakimbizana na saa. Lakini hebu tazama ng'ambo ya barabara, msomaji. Huenda ukamwona mtu anayeshuka wakati wenzake wanapanda. Macho yamekuwa mekundu, na koti jeupe amelikunja akalitia mkobani. Huyo ni daktari anayetoka zamu ya usiku.

Jirani atamwamkia, "Daktari, habari ya kazi?" Naye atajibu, "Nzuri tu." Kisha atapita zake.

Je, umewahi kujiuliza kama habari hiyo huwa nzuri kweli? Huenda usiku huo mtoto amemfia mikononi. Huenda ameshinda na mgonjwa aliyehitaji kitanda cha wagonjwa mahututi na kitanda hakikupatikana. Fundi wa magari huliacha gari gereji akaenda zake nyumbani. Karani hufunga faili na kabati. Daktari naye hana kabati la kufungia alichokiona. Hukibeba hadi mezani pa chakula cha jioni, na mara nyingi wale wanaoketi naye hawajui kama amebeba chochote.

Mzigo usio na mahali pa kutuliwa

Mwanafunzi wa udaktari humaliza miaka sita chuoni, kisha mwaka mmoja wa kufanya kazi akiwa mwanagenzi. Katika miaka yote hiyo hufundishwa mifupa, damu, dawa na upasuaji. Lakini kuna somo moja ambalo wengi hulijifunza peke yao wakiwa wamesimama ukumbini: jinsi ya kumwambia mama kwamba mwanawe hayupo tena.

Hebu jiweke mahali pake. Jamaa kumi wanakutazama mdomo. Mmoja ameanguka sakafuni, mwingine anakushika kola akidai umemuua ndugu yake. Huruhusiwi kulia wala kukasirika. Baada ya dakika tano muuguzi anakuita kwa mgonjwa mwingine, na huyo naye anatarajia uso mkunjufu. Tendo hilo likirudiwa wiki baada ya wiki, moyo hufanya mojawapo ya mambo mawili: huvunjika au huwa mgumu. Na ukiwa mgumu hospitalini, haulainiki kwa sababu tu umevuka mlango wa nyumba.

Wakazi wa Nairobi wanaikumbuka Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa kwa bomu. Watu 213 walikufa jijini na maelfu wakajeruhiwa. Wengi waliumizwa macho na vioo, kwa kuwa walikuwa wamekimbilia madirishani waliposikia mlio wa kwanza. Madaktari na wauguzi walifanya kazi mchana na usiku katika Hospitali Kuu ya Kenyatta na nyinginezo. Taifa liliwasifu, na ilistahili. Hata hivyo, sifa haifuti picha akilini. Aliyeshona nyuso siku ile alikwenda kulala na nyuso hizo.

Kosa lisilosahaulika

Kuna maumivu mengine ambayo hayasemwi kabisa. Daktari ni binadamu, na binadamu hukosea, hasa akiwa hajalala. Mgonjwa anapodhurika kwa kosa la tiba, yeye na jamaa zake ndio waathiriwa wa kwanza, na wana haki ya kuelezwa ukweli na kutendewa haki. Lakini mwaka wa 2000, daktari Mmarekani Albert Wu aliandika kwamba kuna pia "mwathiriwa wa pili", yaani daktari mwenyewe, ambaye hubaki na aibu na hofu bila mtu wa kumsikiliza. Wengine huacha kazi. Wengine huendelea, lakini kila wanaposhika sindano mkono hutetemeka.

Mfuko na lawama

"Lakini madaktari ni matajiri," utasema. La hasha! Muulize mzazi yeyote mwenye mwana daktari. Siku ile kijana alipohitimu, ukoo mzima ulipata karo, harambee na matibabu ya bure. Katika ploti anakoishi, mlango hugongwa usiku wa manane: mtoto ana joto, nyanya amepandwa na presha. Akikataa, ana kiburi. Akikubali, amekosa usingizi wake wa pekee.

Mshahara nao umekuwa vita vya miaka mingi. Madaktari wa umma waligoma mwaka wa 1994 wakidai, pamoja na mambo mengine, chama chao kisajiliwe. Wakagoma tena siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakitaka mkataba uliotiwa saini mwaka wa 2013 utekelezwe, na viongozi wao wakatiwa jela. Mwaka wa 2024 waligoma siku 56, na malipo ya madaktari wanagenzi yakiwa miongoni mwa madai makuu.

Wananchi waliteseka katika migomo hiyo, na hasira yao inaeleweka. Lakini tusidhani aliyegoma alilala fofofo. Alijua ni nani aliyemwacha wadini na kitanda kipi. Akirudi kazini bila vifaa, huona mgonjwa akiteseka. Akigoma adai vifaa, mgonjwa huteseka vilevile. Kila njia aliyoshika ilikuwa na lawama.

Corona ilipoingia, mzigo huo uligeuka kuwa kaburi. Julai 2020, Dkt Doreen Lugaliki, mtaalamu wa magonjwa ya wanawake na uzazi, alifariki akiwa na umri wa miaka 39. Desemba mwaka huohuo, Dkt Stephen Mogusu alifariki akiwa na miaka 28 tu, baada ya kulalamika kwamba alikuwa amefanya kazi miezi kadhaa bila mshahara wala bima ya afya. Wenzao waliwazika, kisha wakarudi wadini.

Kimya kinachoua

Septemba 2024 daktari mwanagenzi katika Kaunti ya Kiambu alijitoa uhai. Chama cha madaktari kilisema alikuwa ametoka zamu ya saa 36. Sababu za mtu kufikia hatua hiyo huwa nyingi, na si haki kuzipunguza ziwe moja. Lakini kifo hicho kilitufunulia ukweli huu: mtu anaweza kuzungukwa na madaktari na asipate wa kumtibu.

Kwa nini hanyooshi mkono akaomba msaada? Kwanza, ni aibu. Jijini Nairobi, ukitaja Mathari watu hucheka, na daktari huogopa kuonekana kwenye foleni pamoja na wagonjwa wake. Pili, anaogopa kwamba wakubwa watamwona dhaifu. Tatu, ilikuwepo sheria. Kwa miaka mingi, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Hofu iliyojengwa na sheria, hata hivyo, haitoki kwa siku moja.

Wewe ufanye nini?

Ikiwa ni mke, mume au mzazi wa daktari, zijue dalili. Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitaja tatu za uchovu unaotokana na kazi: kuishiwa nguvu kabisa, kuichukia kazi au kujitenga nayo kimawazo, na kuhisi kwamba hufanyi lolote la maana. Ukiziona, usimkaripie kwa kunyamaza. Mpe saa moja ya utulivu anapofika, kisha muulize, "Leo ulimpoteza mtu?" Si lazima uwe na jibu. Msikilize tu, wala usikimbilie kusema ni mapenzi ya Mungu kabla hajamaliza.

Akianza kusema kwamba amechoka kuishi, usimwache peke yake na usifanye siri. Mpeleke kwa mtaalamu. Shirika la Msalaba Mwekundu hupokea simu za wenye msongo bila malipo kwa nambari 1199.

Ikiwa ni mwanafunzi unayetamani udaktari, usitishike. Taifa linakuhitaji. Lakini jifunze tangu sasa kuwa na rafiki mmoja unayeweza kulia mbele yake. Huyo atakufaa kuliko alama zote za A.

Ikiwa ni mgonjwa, dai haki yako bila woga, ila usimshike kola asiyekuwa na hatia ya ukosefu wa dawa. Na ukipona, rudi useme asante. Wengi hurudi kulalamika tu.

Nao wenye mamlaka wanajua wajibu wao: zamu za kibinadamu, mshahara kwa wakati, na mshauri nasaha ambaye daktari anaweza kumwona kwa siri bila kuhatarisha kazi yake.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Hawakusema aachwe afe. Walimaanisha kwamba anahitaji mganga mwingine. Basi kesho asubuhi, ukikutana na jirani yako daktari akishuka kwenye matatu, muulize, "Habari ya kazi?" Akijibu "Nzuri tu", usipite haraka. Muulize mara ya pili.