Shaba, Wino na Printa ya Zamani
Fundi redio wa Ulemo, wilayani Iramba, anayetaka bodi moja ya saketi kwa ajili ya chaja ya sola hana haja ya kuisubiri itoke China: anaweza kuichapa kwa printa ya zamani. Kichwa cha printa ya Epson husukuma wino kwa vifuwele vinavyojikunja vikipata umeme, bila kuuchemsha. Wino wa chembechembe ukichapwa juu ya shaba na kuokwa, huikinga isiliwe na dawa ya kloridi ya chuma.

Watasema bodi ya milimita 1.6 haipiti ndani ya printa. Kweli, mpaka printa ifunguliwe na kichwa kiinuliwe (dhamana nayo kwaheri). Watasema pia kiwanda ni nafuu: kwa bodi mia, ndiyo, si kwa moja ya majaribio. Pingamizi zito ni dawa iliyotumika: imejaa shaba. Usiimwage karibu na kisima.