Kwa nini mtoto amalize dozi ya TB hata akipata nafuu?

Wiki chache baada ya kuanza dawa za kifua kikuu (TB), watoto wengi huanza kula vizuri, kucheza na kuongezeka uzito. Hapo ndipo mzazi hujiuliza: kwa nini niendelee kumpa dawa mtoto aliyepona? Jibu liko katika namna dawa moja muhimu, rifampisini, inavyopambana na bakteria wa TB.

Rifampisini hufanya nini mwilini?

Bakteria wa TB ni kiumbe hai. Ili aishi, lazima asome maelekezo yaliyomo katika vinasaba vyake. Ndani yake kuna kifaa kidogo sana kiitwacho RNA polimerasi. Kifaa hiki hunakili maelekezo hayo na kutoa nakala yenye umbo la uzi, iitwayo RNA. Bila RNA, bakteria hawezi kutengeneza protini, na bila protini hufa.

Fikiria cherehani iliyozibwa kwa kijiti mahali uzi unapopita. Mshono unaanza, kisha unakwama. Rifampisini hufanya hivyo hivyo: hujibana katika njia ya kutokea uzi wa RNA. Uzi ukianza tu kurefuka, unagonga dawa na kukatika.

Seli za mtoto wako pia hutengeneza RNA, lakini kifaa chake kina umbo tofauti, hivyo dawa haikizibi.

Mbona matibabu ni ya miezi mingi?

Bakteria wengi hufa mapema, na ndiyo maana mtoto hupata nafuu. Lakini wachache hubaki kama wamelala, wakitengeneza RNA kwa vipindi vifupi tu. Dawa inatakiwa iwepo kila wanapoamka. Kwa kawaida matibabu huchukua miezi 6. Tangu 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza miezi 4 kwa baadhi ya watoto wenye TB isiyo kali. Anayeamua ni mtoa huduma, si nafuu unayoiona nyumbani.

Usugu wa dawa hutokeaje?

Mara chache, bakteria huzaliwa akiwa na badiliko dogo kwenye kifaa chake cha kutengeneza RNA. Rifampisini haiwezi tena kujibana pale. Dawa nyingine za TB zikiwepo, zitamuua. Dozi ikirukwarukwa, au ikitumika dawa moja peke yake, huyo hubaki na kuzaana. TB sugu hutibiwa kwa dawa nyingine, na huweza kuambukiza wengine nyumbani.

Kipimo cha GeneXpert hutafuta vinasaba vya TB pamoja na badiliko hilo, na mashine hutoa jibu kwa takribani saa 2. Mtoto asiyeweza kutoa makohozi anaweza kupimwa kwa kinyesi.

Unachoweza kufanya nyumbani

• Mpe mtoto dawa kila siku, saa ile ile. Vidonge vya watoto huyeyuka kwenye maji na vina ladha nzuri.
• Usigawe dawa zake kwa ndugu anayekohoa. Mpeleke naye akapimwe.
• Mtoto akitapika dawa au ukisahau dozi, usimpe dozi mbili kwa pamoja. Uliza kituoni.
• Mpeleke kliniki kila tarehe uliyopangiwa. Uzito ukiongezeka, dozi huenda ikabadilishwa.
• Mwambie mtoa huduma kama mtoto anatumia ARV au dawa nyingine yoyote.
• Ikiwa wewe mama ndiye unayetumia rifampisini, fahamu kuwa inapunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Omba ushauri wa njia nyingine.

Usiogope, na lini uwahi kituoni

Mkojo, jasho na machozi ya mtoto yanaweza kuwa na rangi ya chungwa au nyekundu. Hiyo ni rangi ya dawa, si damu, na haina madhara.

Lakini mwahishe kituoni ukiona macho au ngozi kuwa ya njano, kutapika kusikokoma, maumivu makali ya tumbo, vipele mwili mzima au kupumua kwa shida.

Kidonge cha mwisho ni muhimu kama cha kwanza. Kikikushinda kitu chochote, iwe nauli, muda au mtoto kukataa dawa, waeleze wahudumu mapema kabla dozi haijakatika.