Mtihani wa halali chini ya paa la Osaka

Katika jiji la Osaka, nchini Japani, upo mtaa wa maduka uitwao Tenjinbashisuji, wenye urefu wa kilomita 2.6 hivi. Husifiwa kuwa mrefu kuliko mitaa yote ya namna yake nchini humo. Sehemu kubwa imeezekwa paa la juu, hivyo mvua wala jua havimsumbui mpita njia. Maduka yapatayo 600 yamejipanga kulia na kushoto, yakiuza majani ya chai, visu, viatu, vitabu, mboga na samaki.

Familia ya Kiislamu itembeayo humo hufurahisha macho, lakini tumbo huwa na mtihani. Harufu ya mapishi hutanda njiani, na watoto huomba.

Tuchukue mfano wa takoyaki, viduara vya unga vyenye vipande vya pweza, chakula mashuhuri cha Osaka. Sisi wa pwani, wafuasi wa Imamu Shafii, pweza kwetu ni halali. Ndugu zetu Mahanafi hawamli. Hata hivyo suala haliishii kwa pweza, kwani sosi inayopakwa juu huweza kuwa na vitu vilivyotokana na nyama. Zipo pia katlesi za viazi ziitwazo korokke, ambazo huweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Kuna na mirin, mvinyo mtamu wa mchele wenye kileo cha asilimia 14 hivi, ambao hutiwa katika mapishi mengi. Hata baadhi ya sosi za soya huongezwa kileo ili zisiharibike.

Muuzaji hakusudii kudanganya. Kwake mirin ni kiungo tu, kama ndimu ilivyo kwetu. Ukimuuliza iwapo chakula kina nguruwe, huenda akakana kwa nia njema, kwa kuwa anafikiria nyama, hafikirii mafuta. Basi mzazi na aulize kwa uwazi: mmekaangia mafuta gani? Mmetia mirin au pombe? Katika vifurushi, aijue herufi 豚, yaani nguruwe, na 酒, yaani pombe. Mirin huandikwa みりん.

Aliyeshindwa kupata jibu hatakufa njaa. Yapo matunda, viazi vitamu vya kuchoma na chai ya kijani. Na atakaye mlo wa uhakika, jiji jirani la Kobe lina msikiti uliofunguliwa mwaka 1935, wa kwanza nchini Japani, na karibu yake yapo maduka ya vyakula halali.

Mtume wetu (S.A.W.) alitufunza kujiepusha na mambo yenye kutia shaka. Mafunzo hayo hayahitaji safari ya Japani. Chupa za sosi na peremende za jelatini kutoka ng'ambo zimo pia madukani mwetu, na mtoto aliyezoea kuona wazazi wake wakisoma kilichoandikwa kwenye kifurushi atakisoma mwenyewe siku atakapokuwa peke yake ugenini.