Pikapu kuukuu: ijue injini iliyomo kabla ya kununua spea au kuvuka mpaka

Tuseme una Hilux ya dizeli inayopeleka maharage Zambia. Dereva anakupigia simu kutoka Mpika: "Bosi, gasketi ya silinda hedi imeungua." Wewe uko Tunduma. Unakwenda dukani, unaomba gasketi ya Hilux ya dizeli, unaikabidhi kwa kondakta wa basi na siku ya pili inafika. Fundi anaiweka juu ya bloku na kutikisa kichwa, kwa sababu matundu ya gasketi ni madogo kuliko midomo ya silinda. Wewe umenunua ya 2L, na injini iliyomo ni 3L. Gari linalala tena barabarani, na mzigo ni wa mtu.

Jambo hili ni la kawaida kwa wasafirishaji wetu, na si uzembe wa dereva. Jina la gari halitaji injini. Hilux ya miaka ya 1980 na 1990 ilitoka kiwandani na injini nyingi tofauti, za petroli na za dizeli. Tena pikapu iliyokwishatembea miaka 25 au 30 katika nchi zetu mara nyingi imebadilishwa injini, pengine mara mbili, kwa injini za mtumba kutoka Japani au Dubai. Kwa hiyo kuna mambo matatu ya kulinganisha: kibati kinachosema gari lilitoka kiwandani na nini, namba iliyogongwa kwenye bloku inayosema kilichomo leo, na kadi ya gari inayosema serikali inaamini kuna nini. Haya matatu yakipatana, endelea na safari. Yasipopatana, kuna kazi ya kufanya kwanza.

Tuanze na kibati. Kwenye Hilux za miaka hiyo kiko ndani ya boneti, kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini. Tafuta mstari wenye neno MODEL. Ukisoma LN106R, herufi L ya mwanzo ni familia ya injini, N ni Hilux yenyewe, 106 ni aina ya chasi, na R ya mwisho ni usukani wa kulia. Pikapu za usukani wa kushoto, kama nyingi za Bujumbura na Goma, huishia na L mahali pa R. Hiyo L ya mwisho isikuchanganye na ile ya mwanzo. Herufi za mwanzo ndizo zenye maana hapa. LN ni dizeli ya familia ya L. RN ni petroli ya familia ya R, ambayo maarufu yake ni 22R ya cc 2366. YN ni petroli ya familia ya Y, RZN ni petroli ya RZ, na KZN ni dizeli ya turbo ya 1KZ, cc 2982. Kwa hiyo LN106 na RN106 ni gari zinazofanana kwa umbo na hazifanani kabisa chini ya boneti. Kibati hicho hicho kwa kawaida kina mstari wa ENGINE wenye jina la injini na cc zake, kwa mfano 3L na 2779.

Ndani ya LN ndimo wengi wanamopotea. Injini L ya kwanza ina cc 2188, 2L ina 2446, 3L ina 2779 na 5L ina 2986. Zote ni silinda nne, zote zina mkanda wa taimingi, na ukizitazama kwa juu ni kama ndugu wa tumbo moja. Fundi mzoefu anaweza kukuambia kwa kusikiliza mlio tu, lakini mimi nisingetoa pesa yangu kwa kuamini sikio la mtu. Zinakotofautiana ni kwenye upana wa silinda: L ni milimita 90, 2L ni 92, 3L ni 96 na 5L ni 99.5. Kama hedi iko chini na fundi ana kipimo, mpe dakika moja apime, akikumbuka kwamba silinda iliyokwisha kuchongwa inaongezeka kidogo, nusu milimita au moja. Na 2L yenyewe ina sura mbili. Za zamani vali zake husukumwa kwa roka. Zile za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 kamshafti inakanyaga tapeti moja kwa moja. Kwa hiyo hata ukishajua ni 2L, unapoagiza vitu vya hedi mwambie muuzaji ni ipi kati ya hizo mbili.

Sasa bloku. Namba ya injini imegongwa kwenye sehemu tambarare iliyolainishwa, ubavuni mwa bloku, na kwa gari kuukuu huwa imefunikwa na oili na vumbi la miaka mingi. Chukua kitambaa chenye dizeli, sugua taratibu, halafu paka chaki nyeupe na ufute juu juu. Chaki inabaki ndani ya herufi na namba inasomeka vizuri. Usitumie tupa wala msasa wa mashine. Ukiifuta namba kwa bahati mbaya, polisi wa mpakani hatakuwa na njia ya kujua kwamba ilikuwa bahati mbaya. Namba za Toyota huanza na jina la injini, kama 3L ikifuatiwa na tarakimu. Nissan hivyo hivyo, utaona TD27, na Isuzu utaona 4JA1 au 4JB1. Maandishi makubwa yaliyovimba kwenye chuma ni ya kalibu, ni alama ya kiwanda kwa bloku zote za aina ile. Yanasaidia kujua familia, lakini hiyo si namba ya injini yako na haiandikwi kwenye kadi.

Isuzu ina mtego wake. 4JA1 ina cc 2499 na 4JB1 ina cc 2771, lakini zote mbili upana wa silinda ni milimita 93. Tofauti iko kwenye mwendo wa pistoni, 92 kwa 102. Kwa hiyo yule fundi wa kipimo aliyekusaidia kwenye Toyota hapa atakupoteza, na itabidi usome namba. Kibati nacho kinasaidia: TFR54 ilitoka na 4JA1, TFR55 na TFS55 zilitoka na 4JB1, na TFS maana yake inavuta magurudumu yote manne.

Nissan ni nyepesi kidogo. TD27, cc 2663, haina mkanda wa taimingi wala cheni, inatumia gia; muuzaji akikuuzia mkanda wa taimingi wa TD27, mrudishie. Mitsubishi L200 yenye 4D56 ya cc 2477 ina mkanda, tena ina na mwingine mdogo wa kusawazisha mtikisiko, na wengi wanabadilisha mmoja na kuusahau wa pili. Land Cruiser pikapu hesabu mabomba ya nozeli: sita ni 1HZ ya cc 4164, matano ni 1PZ, na kwenye kibati utasoma HZJ au PZJ.

Kwa anayenunua ili kuvusha au kuuza upande wa pili, tofauti kati ya kibati na bloku ni jambo la pesa. Pikapu nyingi zilizotoka na petroli zimewekewa 2L au 3L kwa sababu ya bei ya mafuta. Kibati kitasema RN, boneti itaonyesha pampu ya dizeli na mabomba ya chuma yanayokwenda kwenye nozeli, wala hutaona distribyuta na nyaya za plagi. Mabadiliko hayo si kosa kama yameandikishwa. Lakini ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki unaweka pikapu ya dizeli isiyozidi tani 5 kwenye kifungu 8704.21 na ya petroli kwenye 8704.31, na kadi ina namba ya injini pamoja na namba ya chasi. Ofisa akifungua boneti akakuta dizeli mahali ambapo karatasi inasema petroli, swali lake la pili litakuwa injini hii umeitoa wapi.

Kwa hiyo kama injini imebadilishwa, marekebisho yafanyike nchi lilikosajiliwa gari kabla halijaondoka: Tanzania ni TRA, Kenya ni NTSA. Muuzaji ndiye mwenye jina kwenye kadi, basi ndiye wa kuanzisha shughuli hiyo, na afanye hivyo kabla hujamaliza kumlipa. Akisema "utarekebisha mwenyewe ukifika kwako", punguza bei au achana naye. Dai na risiti ya injini ilikonunuliwa, iwe Gerezani, Kirinyaga Road au Kisekka. Angalia pia kama sehemu ya namba ina mikwaruzo ya mashine, au herufi zimepinda na hazilingani kimo.

Mwisho, namba ukishaisoma ipige picha kwa simu, pamoja na kibati, na umtumie anayekununulia spea. Yule dereva wa Mpika angefanya hivyo, bosi wake angeingia dukani akitaja 3L.