Finland: Ngoma inapotangulia maneno katika tiba ya sonona

Mgonjwa hatakiwi kujua kupiga ala yoyote. Hukaa mbele ya mtaalamu na kupiga chochote kinachomjia, na mazungumzo hufuata baadaye.

Wengi wanaougua sonona hushindwa kueleza kinachowasibu. Wakiulizwa wanajisikiaje, hujibu "sijui" au hunyamaza, na kimya hicho ni kikwazo kikubwa kwa tiba inayotegemea mazungumzo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä, wakiongozwa na Jaakko Erkkilä, walilijaribu jambo hili kwa wagonjwa 79 wenye umri wa miaka 18 hadi 50. Wote waliendelea na matibabu ya kawaida, zikiwemo dawa, lakini 33 kati yao waliongezewa vikao 20 vya muziki, mara mbili kwa wiki, saa nzima kila kimoja.

Ala zilikuwa chache: marimba na ngoma za kielektroniki, pamoja na djembe, ngoma ya Afrika Magharibi ipigwayo kwa viganja. Mtaalamu naye alikuwa na ala kama hizo. Kazi yake si kufundisha. Humsikiliza mgonjwa na kumjibu kwa muziki: mapigo yakipungua naye hupunguza, yakivurugika husalia naye humo humo. Muziki huo hurekodiwa, kisha wawili hao huusikiliza tena na kuuzungumzia. Hapo ndipo maneno hupata pa kushika, kwani mtu anayeamini kuwa hana hasira anaweza kuisikia katika mapigo yake mwenyewe.

Njia hii haikuzaliwa Finland. Mmoja wa walioijengea misingi ni Mary Priestley, mpiga fidla aliyefanya kazi katika hospitali ya magonjwa ya akili jijini London na kuieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975.

Matokeo ya Jyväskylä yalichapishwa mwaka 2011. Baada ya miezi mitatu, asilimia 45 ya waliopata tiba ya muziki walikuwa na dalili za sonona zilizopungua kwa nusu au zaidi, ikilinganishwa na asilimia 22 ya wenzao. Wasiwasi nao ulipungua. Hata hivyo, kufikia mwezi wa sita, vikao vikiwa vimekwisha, tofauti baina ya makundi hayo haikuthibitika tena kitakwimu.

Tahadhari hiyo ina uzito. Utafiti mwingine wa mwaka 2017, uliohusisha watoto 364 wenye usonji katika nchi tisa, haukuona kuwa muziki wa aina hii ulipunguza dalili kuu za hali hiyo.

Erkkilä na wenzake hawakuiacha njia yao. Katika utafiti uliofuata, baadhi ya wagonjwa walianza kikao kwa kupumua polepole kabla ya kugusa ala, na mwaka 2021 watafiti hao waliripoti kuwa waliofanya hivyo walipata nafuu zaidi.