Kituo kilichompa shabiki kipaza sauti

Mpira wa miguu huchezwa dakika 90, na siku ina saa 24. Sasa ukiambiwa ufungue kituo cha redio kitakachozungumzia michezo tu, usiku na mchana, mwaka mzima, bila muziki wala salamu, saa zinazobaki utazijaza na nini? Swali hilo liliwakabili watu wa redio mjini New York, Marekani, mwaka 1987, na wengi waliamini kuwa halina jibu.

Mjini humo kulikuwa na kituo kilichoitwa WHN, katika masafa ya kilohezi 1050, kikipiga muziki wa kantri. Kituo hicho pia kilitangaza mechi za New York Mets, timu ya besiboli iliyotwaa ubingwa mwaka 1986. Kampuni ya Emmis, iliyokimiliki chini ya uongozi wa Jeff Smulyan, ikaamua kuacha muziki na kubaki na michezo. Tarehe 1 Julai 1987, saa 9 alasiri, WHN ikanyamaza na mahali pake ikasikika WFAN. Herufi tatu za mwisho zilichaguliwa makusudi, kwani kwa Kiingereza zinasomeka "shabiki".

Sauti ya kwanza kusikika ilikuwa ya mwanamke, Suzyn Waldman, aliyekuwa mwimbaji na mwigizaji wa jukwaani kabla ya kuingia katika habari za michezo. Wapo wanaume ambao hawakupenda kusomewa matokeo na mwanamke, nao hawakulificha hilo. Yeye aliendelea na kazi, na mwaka 2005 akawa mmoja wa watangazaji wawili wa redio wa mechi za New York Yankees.

Mwanzo ulikuwa wa hasara. Baadhi ya watangazaji waliletwa kutoka nje, kama Pete Franklin aliyekuwa amejijengea jina Cleveland. Lakini shabiki wa New York, kama alivyo shabiki wa Msimbazi au wa Jangwani, hataki kufundishwa timu yake na mgeni.

Nafuu ilikuja mwaka 1988. Emmis ilinunua redio kadhaa za shirika la NBC, na tarehe 7 Oktoba mwaka huo WFAN ikahamia kilohezi 660, masafa ya WNBC. Hiyo WNBC ilikuwa kizazi cha WEAF, kituo ambacho mwaka 1922 kilirusha tangazo linalotajwa kuwa tangazo la biashara la kwanza kulipiwa redioni. Mitambo yake ya wati 50,000 ilisikika usiku katika majimbo mengi. Pamoja na masafa hayo, WFAN ikarithi kipindi cha asubuhi cha Don Imus, ambacho hakikuwa cha michezo hasa, lakini kilileta wasikilizaji na fedha.

Jibu la swali letu lilipatikana Septemba 1989. Alasiri waliwekwa pamoja Mike Francesa, mtu wa kujiamini na kumbukumbu nyingi, na Chris Russo, mtu wa kupaza sauti. Walibishana wao kwa wao, kisha wakafungua simu ili watu wa mjini wabishane nao. Kipindi hicho kilidumu hadi Agosti 2008, yaani karibu miaka 19.

Tuangalie hesabu yake. Haki ya kutangaza mechi hununuliwa kwa fedha nyingi, lakini simu ya shabiki haimgharimu mwenye kituo karibu chochote. Shabiki mmoja akisema kocha afukuzwe, mwingine hufungua redio zaidi ili asikie atakayempinga. Mechi ikiisha, ubishi ndiyo kwanza unaanza. Na kwa kuwa wasikilizaji wengi walikuwa wanaume wenye kipato, wauza magari na bia walijua pa kuwapata. Mwaka 1992 kituo kiliuzwa kwa kampuni ya Infinity kwa dola milioni 70. Novemba 2012 kilianza kusikika pia katika FM, megahezi 101.9.

Kwa maneno mengine, New York walikichukua kijiwe wakakiweka hewani. Vituo vingi duniani vimeiga, na hata hapa kwetu vipindi vya michezo vya siku hizi haviendi bila simu na ujumbe wa wasikilizaji.

Lakini tofauti ya kijiwe na redio ni kubwa. Maneno ya kijiweni huishia kijiweni. Aprili 2007, Don Imus yule yule alitoa maneno ya kibaguzi dhidi ya wasichana wa timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Rutgers, ambao wengi wao walikuwa weusi. Siku moja tu kabla yake walikuwa wamecheza fainali ya ubingwa wa taifa wa vyuo. Badala ya kupongezwa, wakatukanwa na mtu aliyekuwa ameketi studio. Shirika la CBS, lililokimiliki kituo wakati huo, likamwondoa.

Wahenga wamesema ulimi hauna mfupa. Redio inayoishi kwa ubishi hujaribiwa kila siku kuongeza chumvi, maana chumvi ndiyo inayopigisha simu. Mchezaji anayesingiziwa kuuza mechi naye ana mama anayesikiliza redio hiyo hiyo. Kumpa shabiki kipaza sauti ni jambo jema, na WFAN walithibitisha kuwa hata biashara inakubali. Ila mtangazaji aliyeshika swichi bado ana kazi yake ya zamani: kuuliza "umejuaje?" kabla ya kuruhusu neno liende hewani.