Kipupwe cha Upare: gharama ya makande iko mafigani

Ukishuka stendi ya Same saa sita mchana mwezi wa Juni, unavua koti. Ukipanda gari la Mbaga au la Chome alasiri hiyo hiyo, utalitafuta tena kabla hujafika nusu ya njia. Mji uko kwenye mwinuko wa zaidi kidogo ya mita 800, kwenye nyanda kavu zinazopakana na Hifadhi ya Mkomazi. Kilele cha Shengena, juu ya msitu wa Chome, kiko mita 2,462. Kati ya hapo na hapo joto hupungua karibu nyuzi kumi, na kuanzia Juni mpaka Agosti huongezeka ukungu unaoshinda mlimani siku nzima, nguo zikiwa kambani bila kukauka.

Kipupwe hakimtozi mtu ada kwa jina lake, lakini kila mwenye nyumba anakiona kwenye matumizi. Chai iliyokuwa inapikwa asubuhi na jioni sasa inapikwa mara tatu. Watoto hawaogi maji ya bomba mpaka yapashwe. Kuni zina unyevu, zinatoa moshi mwingi na moto kidogo. Tena mwili wenye baridi unadai chakula kizito, na Upare chakula kizito ni makande.

Watani wa Wapare, Wachaga wakiwa mstari wa mbele, wana mzaha wao wa siku nyingi kwamba Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wanataka kusema ni mbishi na ni bahili. Wapare wenyewe hucheka, kisha wanakumbusha kwamba watu wasiokubali kuhesabiwa vibaya wana faida yao. Januari 1945 maelfu waliteremka milimani mpaka Same kupinga mbiru, kodi iliyomkadiria kila mtu kwa mali yake, na wakapiga kambi makao makuu ya wilaya. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wa Upare, aliandika habari zake kwa kirefu. Waandamanaji walikuwa wanauliza jambo moja: hesabu hii mmeipataje?

Swali hilo hilo linafaa kuulizwa jikoni msimu huu. Sahani ya makande ina bei mbili. Ya kwanza inajulikana sokoni: sado ya mahindi, kilo ya maharage, kitunguu, nyanya, mafuta. Ya pili ni ya moto, nayo hailipwi kwa mkupuo. Inalipwa kwa kopo la mkaa leo, mzigo wa kuni kesho, na saa za mama au binti aliyekaa akichochea. Kwenye chakula kinachochemka saa tatu au nne, mwenye kubana bei ya kwanza na kuiacha ya pili anaziba ufa mdogo huku mkubwa ukivuja.

Moto unaopotea kwa mvuke

Mlimani kuna jambo ambalo halimsumbui sana mpishi wa tambarare. Kadiri unavyopanda, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, yapata nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Pwani huchemka kwenye nyuzi 100, Same mjini kama 97, na kwenye vijiji vilivyo mita 1,500 na kuendelea hayafiki hata nyuzi 96. Ndiyo maana maharage yale yale yaliyoiva mapema kwa shangazi aliye Hedaru yanachelewa kwa bibi aliye Chome. Kuongeza kuni hakusaidii, kwa kuwa maji yakishachemka hayapandi joto tena. Moto wa ziada unayageuza kuwa mvuke tu.

Na mvuke ni ghali. Kuigeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunataka joto zaidi ya mara sita ya lile lililoyatoa kwenye baridi mpaka yakachemka. Sufuria isiyo na mfuniko, inayotokota kwa kelele na kuongezwa maji kila baada ya nusu saa, inapasha hewa ya jikoni. Funika sufuria, weka jiwe juu ya mfuniko kama umelegea, punguza moto ubaki wa kutokota taratibu. Hapo hujatoa hata shilingi.

Kuloweka nako ni bure. Maharage na mahindi yaliyolala kwenye maji usiku kucha yanaiva mapema sana kuliko yaliyotoka moja kwa moja kwenye gunia. Mahindi yaliyokobolewa yanatangulia zaidi, maana ganda gumu limeshaondoka, na pumba zinabaki kwa kuku. Maji ya kulowekea maharage yamwagwe, kisha maharage yachemshwe kwa nguvu katika maji mapya walau dakika kumi, na nusu saa ndiyo salama zaidi. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, na moto hafifu pekee hauiondoi.

Wengi hutia magadi ili mambo yaende haraka. Ni kweli yanalainisha, ila yakizidi yanaharibu vitamini B1 iliyomo kwenye maharage, na ladha inabadilika. Aliyeloweka tangu jana atahitaji chembe tu, au asihitaji kabisa.

Kapu linalomalizia kazi

Sufuria ikishachemka nusu saa, inachotaka ni kubaki na joto lake. Si lazima joto hilo litoke kwenye moto. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, mafuta na makaa yalipokuwa ya mgawo, akina mama wa Uingereza walihimizwa na serikali yao kuingiza sufuria za moto kwenye sanduku lililojazwa nyasi kavu na kuziacha ziive zenyewe. Kenya vikundi vya wanawake vimekuwa vikishona makapu ya namna hiyo kwa miaka mingi.

Upare vifaa viko uani. Chukua kapu kubwa au boksi gumu. Tandika chini majani makavu ya mgomba yaliyoshindiliwa, unene wa shubiri moja, kisha zungusha majani mengine pembeni ukiacha shimo la saizi ya sufuria. Juu ya majani tandaza blanketi kuukuu au khanga mbili tatu. Makande yakishachemka vizuri, sufuria ikiwa imejaa na imefunikwa, iingize shimoni bila kuchelewa, weka mto juu, funga. Usifungue kuchungulia. Baada ya saa nne au tano itoe, irudishe motoni mpaka ichemke tena, ndipo uunge. Kuchemsha mara ya pili kusirukwe, kwa sababu chakula kilichokaa vuguvugu muda mrefu ni makazi mazuri ya vijidudu. Sufuria iliyojaa nusu hupoa mapema, kwa hiyo kapu linafaa familia kubwa kuliko mtu anayejipikia peke yake.

Chupa ya chai ni kapu la namna hiyo hiyo. Chai ya tangawizi inayopikwa mara moja asubuhi, kwa tangawizi ya Mamba au Myamba ambako Same imejipatia jina, ikaingia kwenye chupa nzima yenye kifuniko kizuri, inaokoa kuwasha moto mara mbili.

Uniti 75

Kwenye nyumba zenye umeme, hesabu inahamia kwenye LUKU. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo, yule wa daraja la D1, hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Akivuka hapo, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Mteja wa matumizi ya kawaida, wa daraja la T1, hulipa shilingi 292. Ukiweka VAT na tozo za REA na EWURA, 100 inakuwa 122 na 292 inakuwa kama 356. Hapo bado kodi ya jengo inayokatwa humo humo.

Uniti 75 ni mbili na nusu kwa siku. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka saa tano haimalizi hata sehemu ya ishirini ya uniti. Anayemaliza uniti kipupwe ni heater ya bafuni. Ile ya kufungwa kwenye bomba la mvua hula wati 5,000 hivi. Watu wanne wakioga dakika kumi kila mmoja wanatumia uniti tatu na zaidi kwa siku, karibu 100 kwa mwezi. Heater peke yake imeshaitoa nyumba nzima kwenye bei ya shilingi 100. Ndoo ya lita kumi ya maji ya vuguvugu, iliyopashwa jikoni au kwa hita ya kuchovya, inataka kama theluthi ya uniti. Tambarare, kuanzia Makanya mpaka Kisiwani, dumu jeusi likishinda juani linafanya kazi hiyo bure, mradi watoto waoge jioni kabla jua halijatua.

Kinyume na heater, jiko la presha la umeme linaogopwa bila sababu. Jiko la wati 1,000 hata likivuta umeme saa nzima bila kupumzika linatumia uniti moja, na kwa kawaida huvuta na kukata. Chukua hiyo uniti moja kwa siku: kwa mwezi ni uniti 30, yaani shilingi 3,660 pamoja na tozo kwa mteja wa D1. Kwa wa T1 ni shilingi 10,700 hivi. Kila nyumba ilinganishe na inachotumia kwa mkaa. Kwa mtu wa mlimani kuna faida ya pili: presha inapandisha joto ndani ya chungu kupita nyuzi 100, hivyo ule upungufu wa mwinuko unafutika. Sufuria ya presha ya kuweka kwenye mkaa au gesi inafanya vivyo hivyo.

Gunia na chupa ya chumvi

Mavuno ya masika yanapoingia sokoni, bei ya mahindi na maharage hushuka, na mwenye uwezo hununua gunia badala ya sado. Ni akiba ya kweli endapo nafaka ni kavu. Kwenye ukungu wa kipupwe mahindi yanaonekana makavu nje huku ndani yana maji, na yakifungiwa hivyo yanaota ukungu wenye sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi.

Kipimo chake ni rahisi. Tia chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, robo yake au pungufu, ongeza mahindi, funga, tikisa dakika kadhaa, kisha acha itulie. Chumvi ikigandamana ubavuni mwa chupa, mahindi bado yana maji, yarudi turubaini. Ikishuka chini yote, yanafaa kuhifadhiwa. Mifuko isiyopitisha hewa inazuia dumuzi bila dawa, ilimradi panya hawajaitoboa. Dari ya zamani juu ya mafiga, ambako moshi ulikausha mahindi na kufukuza wadudu, ilifanya kazi hiyo. Jiko la gesi halina moshi wa kusaidia, kwa hiyo anayehamia gesi apange upya ghala lake.

Mkaa usiingie chumbani

Kuna njia moja ya kukwepa baridi inayoua. Jiko la mkaa likiachwa linawaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Aliyelala haamki. Mkaa uliokolea usiotoa moshi ndio unaodanganya zaidi. Jiko litoke nje kabla ya kulala, hata kama mtoto analia baridi. Kinachopaswa kupashwa ni mtu: soksi, kofia, blanketi la pili, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa miguuni.

Mtungi na makande

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeshaagizwa kuacha kuni na mkaa, na humo zimo shule za bweni, ambazo makande ni chakula chao cha kila wiki.

Mlimani mtihani wa mkakati huu ni makande yenyewe. Nyumba nyingi zilizopata mtungi wa gesi wa kilo sita huutumia kwa chai, mayai na kupasha kiporo, kisha maharage yanarudi kwenye mafiga nyuma ya nyumba. Hawakosei. Mtungi umepanda na bodaboda, bei yake imepanda nao, na hakuna anayetaka kuumaliza kwa sufuria moja ya saa nne. Kwenye takwimu nyumba hiyo itahesabiwa kuwa ina gesi, huku kuni zikiendelea kushuka kutoka pembezoni mwa msitu wa Chome, msitu ule ule unaotoa maji ya mifereji na ndiva, yale mabwawa ya kienyeji, za chini. Anayegawa majiko agawe pia maarifa ya kufupisha saa za moto, la sivyo jiko litabaki pambo.

Kwa anayeanza wiki hii, afuate mfuko wake. Kwanza yale ya bure: kuloweka, mfuniko, moto mdogo, ndoo badala ya heater. Kisha ya bei ndogo: kapu la majani ya mgomba, chupa ya chai nzima, kukoboa mahindi kabla ya kupika. Jiko banifu au sufuria ya presha ni mambo ya kupanga kwenye VICOBA, hata kwa kuzungushana kama mchezo, kila mwezi mwanachama mmoja. Mtungi uje baada ya hayo. Kwenye nyumba ambayo mahindi hayalowekwi, gesi itakwisha kabla ya mwezi, na lawama itaangukia gesi.